Ua Ulioota Nywele

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Tunduma alikata ua wake wa michongoma akauchoma ungali mbichi. Moshi wa majani mabichi hauna haraka. Unatambaa chini chini, unaingia dirishani, unakaa kwenye mapazia siku mbili. Una uchachu wa tunda lisiloiva, na ndani yake kuna harufu nyingine, ya nywele zilizoangukia jiko la mkaa. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Harufu iliponifikia niliweka ungo chini nikatoka nje, na nilipojitambua nilikuwa nimesimama barabarani nimejishika kichwa kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye watoto watatu. Jirani akaniuliza kama moshi unanisumbua. Nikamwambia hapana. Nilidanganya, na kwa kuwa nimedanganya miaka mingi kuhusu jambo hili, ninyi nitawaeleza lilivyokuwa.

Nilikulia Ihanda kwa bibi mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa wakiuza mchele Tunduma, wakaona mpakani hapafai kulea mtoto wa kike, wakanipeleka kijijini nikiwa na miaka minne. Nyumba ya bibi ilikaa katikati ya mibuni na migomba, ikazungukwa na ua wa michongoma alioupanda marehemu babu, mrefu kuliko mtu, wenye miiba ya kushonea gunia. Humo tuliishi na baba mdogo Lameki, mdogo wa baba yangu, na mkewe Eliza, na baadaye mtoto wao Isaya.

Mama mdogo Eliza alitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ukiwa Tunduma, Nakonde ni kuvuka barabara tu. Ukifika Ihanda inageuka nchi ya mbali kabisa, hasa ukiwa mkwe. Alikuwa na tabia ya kusema "ee mukwai" kwa kila mtu, ndiyo heshima ya kwao, na hata mbuzi aliyegoma kuingia bandani aliambiwa "ingia, mukwai". Alikuwa na nywele nyingi zenye wekundu fulani, kama zimepitiwa na jua kupita kiasi. Jumapili baada ya kanisa alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka, nami nilijifanya naumia ili aende polepole. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nalisema hili mapema ili mjue nilichokuwa nacho.

Mwingine wa kumjua ni shangazi Rodi, dada mkubwa wa baba, aliyekaa upande wa pili wa njia. Shangazi alikuwa na methali kwa kila kidonda, na zilipomwishia alitunga zake. Tulikula kwake vizuri, tukamwogopa vizuri pia.

Mwaka nilipotimiza tisa, mvua zikiwa zimeanza, baba mdogo alirudi kutoka kupakia mizigo mpakani akiwa na homa. Siku hiyo hiyo nilipelekwa kijiji cha jirani kiitwacho Ruanda, kwa dada wa bibi, kwa sababu watu wazima hawapendi watoto wasikie mgonjwa anavyokoroma. Kule Ruanda, njiani kuelekea kisimani, kulikuwa na kichaka kilichofunikwa na nyuzi za njano iliyoiva, hazina jani hata moja, zimelala juu ya matawi kama uzi wa kufumia uliomwagika. Watoto wa pale waliziita nywele za Mzungu. Nilikuwa na mwanangu wa gunzi, mwenye kitambaa cha nguo lakini upara mtupu. Nikachuma konzi nzima, nikamfunga kichwani. Akapendeza mno. Siku ya pili tukaitwa turudi, baba mdogo amefariki.

Nilirudi na gunzi langu limefichwa kifuani. Msibani hakuchezwi, hilo nililijua, na shangazi alikuwa mlangoni akipokea watu kwa macho makavu yaliyoona kila kitu. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikapenyeza mkono kati ya miiba, nikamlaza mwanangu ndani kabisa ya ua, nywele zake zimeegemea tawi. Nikamwambia asubiri.

Siku ya tatu wafiwa walinyolewa. Mama mdogo aliketi juu ya mkeka, wembe ukapita, na zile nywele nyekundu zikaanguka ungoni. Kwetu nywele za mfiwa haziachwi ovyo. Bibi alisema ndege akiziokota kujengea kiota, mwenyewe atapandwa na wazimu, na mtu mbaya akiziokota, mwenyewe hatafika mavuno. Kwa hiyo zilifukiwa. Walitafuta mahali penye udongo laini, wakachimba nyuma ya jiko, chini ya ua, hatua mbili tu kutoka nilipomlaza mwanangu.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Mbozi unaoficha mibuni hadi saa tatu. Kwenye ua, usawa wa goti langu, kulikuwa na uzi mmoja wa njano wenye wekundu. Ulikuwa umezunguka tawi mara nne, na ncha yake imesimama hewani, haijashika kitu. Nilidhani ni uzi wa nguo. Nikaugusa, nao ulikuwa baridi na una unyevunyevu.

Jioni nilirudi kuangalia. Asubuhi ncha ile ilielekea jikoni, sasa ilielekea nyumbani. Kesho yake ilikuwa imefika tawi la jirani na kulizunguka, kwa upande ule ule, na nyuzi nyingine tano zilikuwa zimechomoza hapo hapo. Nikafuata kwa macho nilione shina. Hapakuwa na shina, wala mzizi. Nyuzi zilianza hewani na kuishia hewani, na chini yake palikuwa pale pale walipofukia nywele.

Mnaweza kuniuliza: hukukumbuka nywele za gunzi? Nilikumbuka. Usiku sikulala kwa sababu nilikumbuka. Lakini zile zangu zilikuwa konzi moja tu, nazo nilizikata mimi mwenyewe, na kitu kilichokatwa kinakufa. Nani amewahi kuona kitu kilichokatwa, kisicho na mzizi, kikaamka na kutembea? Nikaona labda mwanangu wa gunzi, kwa kukaa jirani na nywele za msiba, amezifundisha kutambaa. Nikapenyeza mkono kumtafuta. Alikuwepo, lakini si chini nilikomlaza. Matawi machanga yalikuwa yamekua naye, yakamwinua hadi usawa wa kifua changu, na nyuzi zilikuwa zimempita kiunoni na shingoni, zimembana. Niliuchomoa mkono nikaacha ngozi kwenye miiba. Siku mbili baadaye nilichungulia tena, na hakuwepo.

Kufikia mwezi wa pili, upande ule wote wa ua ulikuwa umebadilika rangi. Majani ya michongoma yalififia chini ya ile njano, yakapukutika. Chiriku waliokuwa wakigombana humo kila alfajiri walihama, na sikujua kelele zao zilikuwa kubwa kiasi gani hadi zilipokoma. Ukisimama pale mchana, hakuna upepo, ungeona ncha za nyuzi zimenyooka nje ya ua, kila moja peke yake, zikitafuta. Nilianza kulala nimefunga kitambaa kichwani. Jumapili nilikataa kusukwa, nikisema kichwa kinauma. Mama mdogo hakubishana nami. Nywele zake mwenyewe zilikuwa hazijaota vizuri, kichwa kina vumbi la nywele tu, na wapita njia walianza kuangalia kichwa chake, kisha ua, kisha kichwa chake tena.

Shangazi ndiye aliyelitoa neno. Alisema wazee wa zamani walifundisha kwamba nywele za mjane mwenye siri hazikubali kuoza. Bibi, aliyekuwa mzee kuliko wazee anaowasema, alijibu kwamba fundisho hilo hakuwahi kulisikia. Shangazi akasema, "Mama, masikio yako yamechoka," akaendelea. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Lameki alikufa kwa siku tatu, homa gani ya siku tatu? Mwanzoni watu walimcheka pembeni. Kisha siku moja mama mdogo alimlaza Isaya kwenye mkeka karibu na ua wakati anaanika kahawa, na shangazi alipopita akamkuta mtoto ana uzi wa njano umemzunguka kifundo cha mkono, mizunguko mitatu. Alimnyanyua mtoto akapiga ukunga uliosikika hadi kanisani. Leo nina watoto, najua mtoto wa mwaka mmoja hushika chochote na kujiviringishia chochote. Siku ile hata mimi niliona ua umemshika.

Baba yangu aliitwa kutoka Tunduma, kikao kikakaa sebuleni. Mimi nilikuwa nimembeba Isaya kibarazani, na ukuta ule haukuficha neno. Waliamua hivi: mama mdogo ang'oe nyuzi zote kwa mikono yake mwenyewe, Jumamosi tatu mfululizo, azipeleke njia panda kama yanavyopelekwa mambo ya aina hiyo. Zikiisha, basi. Zikirudi baada ya Jumamosi ya tatu, arudi kwao Nakonde. Isaya atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Nilimsikia mama mdogo akisema, "Ee mukwai." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Sijaona mtu akifanya kazi kama ile. Nyuzi hazichomoki, zinakatika, na kila kipande kinabaki na mkia wake umeng'ang'ania tawi. Miiba ilimchana hadi viwikoni. Alijaza sinia kubwa, akalitwika, akaenda njia panda akiwa peke yake, na vipande vikawa vinaanguka njia nzima. Shangazi alimfuata nyuma kuhakikisha, akachukua konzi moja akaenda nayo kwake kuwaonyesha wageni ushahidi, na alipomaliza kuionyesha akaitupa juu ya ua wake. Jumamosi ya pili nyuzi zilikuwa zimerudi mara mbili. Zilikuwa pia njia panda, juu ya vichaka vya pale, na kando ya njia, na kwenye mibuni miwili ya mwisho ya bibi. Na kwa shangazi. Siku alipozikuta kwenye ua wake alikuja na kanga moja, akakaa chini uani kwetu, akasema amelogwa mchana kweupe.

Siku moja kabla ya Jumamosi ya tatu, bwana shamba alikuja na pikipiki yake kukagua mibuni. Bibi ndiye aliyemwita, hilo nililijua baadaye. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua. Alisimama mbele ya ua, akapenga kamasi, akakata uzi mmoja akautazama.

"Huu ni mlangamia," alisema.

Alisema vile mtu anavyosema huyu ni mbuzi. Akatueleza kwamba ni mmea kama mimea mingine, ila mvivu. Hauna jani kwa kuwa haujipikii chakula, na hauna mzizi kwa kuwa hauhitaji udongo, unatoboa tawi la mwenzake na kunyonya. Akatuonyesha vijidutu vidogo vya kunyonyea kwenye tawi, vimejipanga. Akasema kipande kimoja cha urefu wa kidole kikiangukia mti mbichi kinaanza upya. "Kwa hiyo nyie mlikuwa hamuung'oi. Mlikuwa mnaupanda hadi njia panda." Dawa yake ni moja: kata tawi pamoja nao, chini ya pale ulipofika, usiuburute, usiubebe, uuchome hapo hapo, na ufanye hivyo kabla haujatoa mbegu, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka.

Nilihisi kifua changu kimefunguliwa. Bibi alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Baba yangu alimgeukia mama mdogo akamwambia, "Shemeji, pole." Ilikuwa imekwisha, ndugu zangu. Ilikuwa imekwisha kabisa, kwa muda wa kama kupenga kamasi mara moja.

Shangazi akasema, "Bwana shamba, kama hauna mzizi, umefikaje hapa?"

"Huletwa. Ndege, ng'ombe, watu. Mara nyingi watoto, wanapenda kuuchezea."

"Kwa hiyo kuna mkono."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Basi mkono huo ndio uliompeleka na Lameki kaburini. Mambo haya hayakuja siku moja kwa bahati." Akazunguka polepole akaniangalia. "Sekela. Wewe ulikuwa Ruanda. Kule Ruanda umejaa."

Watu wote walinigeukia, baba na bibi pia. Mlioishi vijijini mnajua anachofanyiwa mtoto aliyenyooshewa kidole. Hapigwi. Anaachwa tu. Watoto wengine wanakatazwa kula naye, na kila kuku akifa anaulizwa yeye.

"Ni mimi, mukwai," alisema mama mdogo.

Alisema alipokuja kutoka Nakonde mara ya mwisho alikuwa amefunga mzigo kwa kamba, na kwenye kamba kulikuwa na nyuzi hizo, naye akaikung'utia kamba uani. Hakujua ni nini. Aliomba radhi, akipiga magoti, kwa bibi kwanza kisha kwa shangazi. Bwana shamba alijaribu kusema kwamba kutokujua si kosa, lakini hapakuwa na aliyemsikiliza, na mafua yalikuwa yamemzidi.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Nilipumua. Hii ndiyo aibu yangu. Sikuwaza kwamba ananikinga. Nilimwamini. Niliona kumbe kulikuwa na mlangamia wa aina mbili, wangu uliokufa kwenye gunzi na wake ulioota, na wake ndio wenye makosa. Mtoto huamini linalomfaa, na mimi lilinifaa sana.

Jumamosi tulikata ua wote wa nyuma. Mama mdogo alikata pamoja nasi kama alivyofundisha bwana shamba, matawi na nyuzi zake, bila kuburuta, tukayalundika hapo hapo na kuyachoma yangali mabichi. Moshi ulitambaa chini ya mibuni mchana kutwa. Tulichoma na vichaka vya njia panda, na ua wa shangazi pia. Mlangamia haukurudi tena Ihanda kwetu. Lakini kwa kuwa mama mdogo alikuwa amekiri, hukumu ya kikao ilibaki, na Jumatatu asubuhi aliondoka bila Isaya.

Isaya alikuwa anaanza kusema wakati huo. Neno la kwanza alilosema vizuri lilikuwa jina langu. Alipokua akauliza mama yake yuko wapi, nikamwambia yuko Nakonde, akauliza kwa nini, nikamwambia kamuulize bibi. Alipelekwa kumwona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, shangazi akiwa ameshafariki. Alimwamkia mama yake kwa kuinama na mikono miwili, vizuri sana, kama anavyoamkiwa mgeni wa mchungaji.

Mimi nilikwenda Nakonde baada ya kuolewa, nikijifanya nafuata vitenge. Nilimkuta anauza sokoni, nywele zimerudi, zina mvi na wekundu ule ule. Nikataka kumwuliza kwa njia ya mzunguko, nikashindwa, nikamwuliza moja kwa moja kama kweli ule mzigo ulikuwa na kamba.

Alicheka. Akasema gunzi alilitoa yeye mwenyewe, akalichoma jikoni siku hiyo hiyo, na alijua ni langu kwa sababu kitambaa kilikuwa cha gauni lake la zamani.

"Sasa kwa nini, mama?"

"Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi, Sekela. Wewe kwenu kulikuwa pale pale."

"Na Isaya?"

Alipanga vitenge vyake, akavipanga tena. "Nilifikiri watanirudishia mtoto," alisema. "Nilihesabu mwezi mmoja, au miwili."

Hayo niliyabeba miaka tisa bila kumwambia anayehusika. Lakini wiki iliyopita, moshi wa jirani ulipopungua, nilimpigia Isaya simu. Sasa ni fundi pikipiki, ana kibanda chake karibu na stendi, ana ndevu. Alikuja jioni akakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, mlangamia, gunzi, Ruanda, na kupumua kwangu. Alisikiliza akisugua mafuta kwenye kucha. Hakunikasirikia, au kama alikasirika hakunionyesha. Aliniuliza jambo moja tu. Asubuhi ile mama anaondoka, yeye alikuwa wapi?

Nikamwambia alikuwa mgongoni kwangu. Bibi alikuwa amenifunga naye kwa kanga, akaniambia nimzungushe mibuni hadi gari lipite, nisimwache akageuka. Nami nilikuwa mtoto mtiifu. Niliimba, nikarukaruka, na yeye alicheka njia nzima.